Kupishana: Historia ya Baiskeli na Adabu ya Njia

Kitenzi pita kimezaa watoto wengi katika lugha yetu. Wapo pitia, pitisha na pitwa. Na yupo mmoja ambaye kwa sura hafanani sana na mzazi wake, naye ni pisha. Sauti ya t imegeuka sh, kama ilivyogeuka baina ya pata na pasha, na maana yake ni kumpa mwenzako nafasi apite. Kutoka hapo tukapata pishana, tendo lisilowezekana kwa mtu mmoja. Mtu aweza kupita peke yake. Kupishana kunataka wawili, na kila mmoja wao apunguze kitu, ama mwendo, ama upana, ama kiburi. Nimelifikiria sana neno hili kwa sababu ya chombo ambacho historia yake katika nchi zetu huandikwa kwa nadra, ingawa kimebeba walimu, wauguzi, maziwa, mkaa, maharusi na wagonjwa kwa miaka mia moja na zaidi. Nakusudia baiskeli.

Historia ya reli tunayo, na ya barabara za lami tunayo. Historia ya baiskeli imejificha kwa kuwa ni historia ya njia ya miguu, na njia ya miguu haikujengwa na serikali yoyote, wala haikuzinduliwa kwa kukata utepe. Baiskeli ilipofika ilikuta njia imekwisha kukanyagwa, ina wenyewe, na ina kanuni zake. Swali ninalotaka kuliuliza ni hili: mgeni huyu mwenye magurudumu mawili alijifunzaje kubisha hodi?

Tuanze kabla yake. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haikupita katika barabara pana. Ilipita katika vijia vyembamba, watu wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine, mzigo kichwani au begani, na mbele yao akitangulia kirangozi. Richard Burton, Mwingereza aliyesafiri njia hiyo kati ya 1857 na 1859, hakuwa mtu wa kuwasifu wenyeji, na maandishi yake yana dharau isiyosomeka bila kukunja uso. Lakini macho yake yalikuwa makali. Anasimulia kwamba misafara miwili ilipokutana, ule ulioongozwa na Mwarabu ulidai njia. Ikiwa yote miwili ni ya Wanyamwezi, ugomvi uliweza kuzuka, ila pinde na mikuki vilitumiwa kama fimbo, si kama silaha za kuulia. Na ikiwa misafara ni rafiki, makirangozi wawili walijongeleana kwa madaha, hatua moja na kusimama, wakitazamana kwa pembe ya jicho, kisha ghafla wakainama na kugongana vichwa kama kondoo dume. Watu wao wote wakafuata mfano huo, na vurumai ile ikaishia katika kicheko. Hatimaye msafara ulio dhaifu ukapisha, tena ukatoa na zawadi ndogo.

Nimewahi kuwasomesha wanafunzi habari hiyo, nao walicheka kama wale wapagazi. Lakini itazame vizuri. Kuna salamu, kuna mchezo wa kuondoa hofu, na kuna uamuzi wa nani apite kwanza. Ni sheria kamili ya barabarani, isiyoandikwa. Tena tusijidanganye kwamba kila cha kale kilikuwa adabu tupu: mwenye nguvu ndiye aliyepishwa, na mnyonge alilipia unyonge wake. Kasoro hiyo haikufa pamoja na misafara.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Katika vichochoro vya Unguja, ambamo watu wawili wanene hawawezi kupishana bila kugusana, wachukuzi walikuwa na mwito wao: simile! Kamusi za kale za Kiswahili zimelihifadhi neno hilo, na zinaeleza kwamba limetokana na Bismillahi. Mara nyingi lilifuatwa na jina la kile kinachokuja, kama vile punda au ubao, ili msikiaji ajue ajibanze kiasi gani ukutani. Maana punda hupishwa kwa namna moja na ubao mrefu kwa namna nyingine. Mimi naliona neno hili kuwa kilele cha ustaarabu wa njiani. Halimtaji anayetakiwa kusogea, wala halimwambii toka. Linamtaja Mungu, kisha linautaja mzigo, na kazi iliyobaki humwachia msikiaji aifanye kwa hiari yake.

Sasa twende Ulaya kidogo, kwa sababu huko ndiko chombo chenyewe kilikozaliwa, na huko ndiko kilikogombana na waenda kwa miguu kwa mara ya kwanza. Karl Drais alikionyesha chombo chake cha magurudumu mawili huko Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817. Hakikuwa na pedeli. Mpandaji alijisukuma kwa nyayo zake ardhini. Haukupita muda mrefu kabla ya miji kadhaa kukipiga marufuku kwenye vijia vya waenda kwa miguu, maana wapandaji walikimbia barabara zenye mashimo na kuwavamia watu pembeni. Malalamiko ya leo, basi, yana umri wa miaka zaidi ya mia mbili.

Baiskeli tuijuayo sisi, yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake mwaka 1885 mjini Coventry, Uingereza, katika karakana ya John Kemp Starley. Miaka mitatu baadaye, 1888, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop akiwa Belfast alipata hataza ya tairi lenye upepo, baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Watu husifu wepesi na ulaini ulioletwa na tairi hilo. Mimi nataka kutaja jambo jingine: ukimya. Magurudumu ya awali, yenye vyuma au mpira mgumu, yalijitangaza yenyewe juu ya mawe. Tairi la upepo lilimwezesha mtu kukufikia mgongoni bila wewe kusikia chochote. Chombo chenye kasi kuliko mguu, na kimya kuliko mguu! Ndipo kengele ikawa si pambo tena.

Na tazama jinsi tarehe zinavyokutana. Mahakama ya Uingereza ilikuwa imekwisha kuamua mwaka 1879 kwamba baiskeli nayo ni aina ya gari, hivyo anayeiendesha kwa fujo aweza kushtakiwa kama mwendesha gari. Mwaka 1888, mwaka uleule wa tairi la Dunlop, sheria ya serikali za mitaa ya Uingereza na Wales ilithibitisha jambo hilo kwa maandishi, ikaongeza wajibu: kila mpanda baiskeli anayetaka kumpita mtu aendaye kwa miguu, au farasi, au mkokoteni, lazima kwanza, akiwa katika umbali wa kutosha, atoe ishara ya kusikika kwa kengele, kwa filimbi, au kwa njia nyingine. Wajibu huo ulidumu hadi 1930, sheria mpya ya magari ilipouondoa.

Hapa niruhusiwe kutoka nje ya njia kidogo, kwa kuwa dhamiri hainiruhusu kulipita tairi hilo kimyakimya. Mpira wake ulihitajika kwa wingi, na sehemu ya mpira huo ilitoka katika misitu ya bonde la Kongo, wakati nchi ile ilipokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kuanzia 1885 hadi 1908. Vijiji vilipangiwa uzito wa utomvu. Walioshindwa kuufikisha waliona wake zao wakishikwa mateka, na mikono ikikatwa. Taarifa ya Roger Casement, iliyotolewa mwaka 1904, iliyaweka mambo hayo mbele ya ulimwengu. Kwa hiyo ule ukimya uliomshtua mtembezi wa Uingereza ulikuwa umenunuliwa mahali pengine kwa kilio. Baiskeli haikufika kwetu ikiwa haina hatia, ingawa yenyewe, maskini, ni chuma tu.

Ilifika mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, pamoja na wamisionari na maofisa wa kikoloni. Baadaye ikawa ya makarani, makatekista na walimu. Na kahawa na pamba zilipoleta fedha, ikawa ya mkulima. Usukumani, Buhaya, Uchagani, Buganda na Nyanza, baiskeli ilikuwa pamoja na bati la nyumba na cherehani miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa na mtu aliyeuza mazao vizuri. Wengi tunakumbuka Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China, Avon ya India na Swala ya hapa Tanzania. Wakenya waliliita lile umbo jeusi, zito, la chuma kitupu, Black Mamba. Kilipwa na ada ya leseni, na kibati chake kilifungwa mahali pa kuonekana. Ukikamatwa huna kibati, unarudi nyumbani kwa miguu.

Lugha nazo zilipokea mgeni kila moja kwa namna yake. Waganda walikwenda kwenye gari, wakasema eggaali. Wanyarwanda kadhalika, igare. Warundi husema ikinga, na Kiswahili cha Katanga kina kinga. Sisi wa pwani na bara yake tulichukua neno la Kiingereza tukalivika irabu. Lakini katika kitenzi tulijitegemea. Tunasema kuendesha baiskeli tukiwa wapole, na tukiwa na jasho husema kunyonga baiskeli. Kunyonga ni kusokota, na nyonga ni kiungo kile cha kiunoni ambacho mpandaji hukisokota mlimani mpaka kimuume. Kinyarwanda nacho kina kunyonga igare, na mbeba abiria kwa baiskeli huitwa umunyonzi. Sijui kama yupo mtunga istilahi wa kamati yoyote ambaye angefikia usahihi huo.

Vipuri vilipata majina bila shida: usukani, breki, mnyororo, tandiko, keria, njiti. Shida ilikuwa adabu.

Shida yenyewe ni hii. Katika kijia, mdogo ndiye humwamkia mkubwa, na salamu yake ni shikamoo, ambayo asili yake ni kushika miguu. Mtu hawezi kuishika miguu ya mzee akiwa juu ya tandiko, tena akiwa amemzidi mzee huyo kimo na mwendo. Kwa hiyo katika vijiji nilivyokulia na vile nilivyofundisha, desturi ilikuwa wazi: kijana aliyekutana na mzee katika njia nyembamba aliteremka. Hakusimama tu na mguu mmoja chini. Aliteremka, akashika usukani kwa mkono mmoja, akaamkia, akaulizwa habari za nyumbani, ndipo akapanda tena. Vivyo hivyo mtu hakupita mbele ya nyumba yenye matanga akinyonga. Aliikokota baiskeli mpaka aache boma nyuma. Mwenye mzigo mzito, kama gunia mbili za mkaa au mikungu ya ndizi, alisamehewa kuteremka, kwa sababu akisimama hapandi tena bila kusukumwa. Yeye alipishwa na wote, wazee kwa vijana. Hapo ndipo naona tulikisahihisha kile cha misafara. Aliyepishwa hakuwa mwenye nguvu. Alikuwa aliyelemewa.

Na kengele? Kwa anayemjia mtu kwa nyuma, kengele ilichukua nafasi ya simile na hodi. Ilipigwa mapema, mara moja au mbili, si karibu na sikio. Kisha sauti ya mdomo ikafuata: shikamoo bibi, habari za kutwa baba. Sheria ya Waingereza ya 1888 ilidai mlio. Haikuweza kudai kilichomo ndani ya mlio. Kengele ileile ya bati yaweza kusema "nipo nyuma yako" na yaweza kusema "ondoka". Tofauti haimo katika chuma, imo katika umbali unapoipigia, na katika neno unalolitamka ukifika ubavuni.

Nilikwenda kazini kwa baiskeli miaka mingi, mwendo wa saa nzima katika njia iliyopita mashambani, kwanza nikiwa mwanachuo wa ualimu katika mazoezi ya kufundisha, baadaye nikiwa mwalimu wa sekondari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tairi na mpira wa ndani vilikuwa adimu kuliko sukari. Wapo waliojaza matambara ndani ya tairi, wakaenda hivyo hivyo wakidundadunda. Nilipofundisha mizani na vina, niliwapa wanafunzi ubeti huu nilioutunga njiani, wauhesabu kwa vidole:

Kengele nilipigapo, si amri ya kutoka,
Nasema tu kuwa nipo, nyuma yako nimefika,
Njia hii tuliyopo, ni ya wote kwa hakika,
Shikamoo mwenye njia, nipishe nami nipite.

Msichana mmoja alinyoosha kidole akauliza: na kama mwenye njia ni kiziwi? Darasa likacheka, lakini swali lake lilikuwa bora kuliko ubeti wangu. Sheria ya 1888 iliwawazia wenye masikio. Kengele humhamishia mtembezi kazi ya kujiokoa: nimekwisha kukuarifu, sasa ni juu yako. Waingereza wenyewe walikuja kuligeuza jambo hili. Mwaka 1968 walipowaruhusu wapanda baiskeli watumie njia za mashambani zilizokuwa za watu wa miguu na wapanda farasi, hawakuwaandikia kengele. Waliwaandikia kupisha. Anayekuja na gurudumu ndiye mwenye deni kwa anayetembea na kwa aliye juu ya farasi, asikike au asisikike. Ni tofauti kubwa. Ile ya kwanza inampa wajibu wa kusema. Hii ya pili inampa wajibu wa kuona, na aliye nyuma ndiye pekee anayeona.

Wakati huohuo huku kwetu baiskeli ilikuwa inapata kazi mpya. Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, vijana walianza katika miaka ya 1960 kuwavusha abiria juu ya keria kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, na mwito wao wa mpaka hadi mpaka, boda boda, ukawa jina la kazi. Shinyanga baiskeli za abiria ziliitwa daladala, kama mabasi. Kisangani ziliitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya "tupite". Nalipenda jina hilo kwa kuwa limo katika wingi: dereva na abiria wanaomba njia pamoja.

Kisha injini ikaingia, na jina la boda boda likahamia kwenye pikipiki bila kuaga. Pikipiki ilirithi njia pamoja na jina. Ilirithi vijia vilevile vya mashambani na pembezoni zilezile za barabara za mjini. Ila haikurithi kengele. Ina honi, na honi haijui kunong'ona. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye masikio yake yamechoka, aligongwa na pikipiki katika kijia cha kwenda kisimani, kijia ambacho baba yake ndiye aliyeanza kukikanyaga. Mpandaji alijitetea kwamba alipiga honi mara tatu. Sina shaka kwamba alipiga. Mzee anatembea kwa magongo tangu siku hiyo, na anapokwenda kisimani hupita ndani ya mihogo, kandokando ya njia yake mwenyewe.

Dar es Salaam ilipoanzisha mabasi ya mwendokasi mwezi Mei 2016, kando ya Barabara ya Morogoro ziliwekwa pia njia za baiskeli na za waenda kwa miguu, na mwaka 2018 jiji lilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini pita hapo jioni. Njia ya baiskeli ina pikipiki, ina meza ya machungwa, ina mkokoteni wa maji, ina wanafunzi watano waliotandaa kama ukuta. Na mpanda baiskeli, akiwa amefukuzwa barabarani na magari, huingia kwenye kijia cha watembezi na kuwafanyia wao kile alichofanyiwa yeye. Simlaumu mwenye meza ya machungwa. Namlaumu yule mwenye magurudumu anayedhani kwamba rangi iliyopakwa chini imemwondolea haja ya kusalimu. Wapo wasemao kwamba mjini hakuna nafasi ya shikamoo, watu ni wengi mno. Huo ni uvivu. Vichochoro vya Unguja vilikuwa na watu wengi, na nafasi finyu kuliko hiyo, na neno moja la silabi tatu lilitosha.

Siku hizi mtaani kwetu kengele ni kipuri cha ziada. Fundi aliye chini ya mwembe ananiambia kwamba baiskeli nyingi za kazi hukaa miaka bila kengele, na wanaozinunua ni wazazi, kwa ajili ya watoto. Muuza samaki anayenipitia kila asubuhi ana honi ya mpira, ile ya kubinya, lakini huitumia kuwaita wateja tu. Akiwafikia akina mama wanaokwenda sokoni na beseni kichwani, huacha kunyonga, huburuza nyayo zake mchangani ili wasikie, kisha husema kwa sauti ya chini, "Mama zangu, samaki wanapita." Nao husogea bila kugeuka.